Kipele cha herufi i: shajara ya kibodi ya Ami

4 Novemba

Shajara hii naianza kwa sababu ya mafuta ya boti. Jana asubuhi Ami, ndugu wa baba yangu na nahodha wa boti, alikuwa ng'ambo, Mokowe, akampelekea baharia wake ujumbe huku Amu, yaani Lamu: "Toa mafuta, abiria ni wengi." Alikusudia kuandika "tia". Baharia ni kijana mtiifu, asiyeuliza mara mbili. Aliyatoa mafuta yote tangini, akayajaza mitungini, akakaa kungoja amri ya pili. Boti iliyokuwa iondoke saa tatu iliondoka saa tano, na abiria wote hao wamekaa juani gatini na mizigo yao.

Ami hakumlaumu kijana. Usiku alinionyesha simu, akasema, "Mwanangu, kwa ile kabambe kidole changu kilikuwa na mato." Mato ndiyo macho, kwa Kiamu chetu. Na alisema kweli. Kabambe yake, ile simu ya vitufe aliyoitumia miaka mingi mpaka maji ya chumvi yakaimaliza, ilikuwa na kipele kidogo juu ya kitufe cha 5. Kidole kikikipata kipele kimeshajua mji mzima: 2 iko juu, 8 iko chini, 4 na 6 ziko ubavuni. Aliandika gizani, aliandika simu ikiwa ndani ya mfuko wa kanzu. Hii ya sasa, aliyonunuliwa na wanawe, ni kioo kitupu. Kidole kinateleza kama mguu juu ya mwani.

Kioo hakiwezi kuota kipele. Lakini ndani ya simu mna mota ya mtetemo, na mtetemo ngozi inausikia. Nataka kuandika kibodi ndogo ya Android, ya Ami na wenziwe wa gatini, itakayokiambia kidole kiko wapi kabla herufi haijaandikwa. Nitaifanya usiku, baada ya kazi.

7 Novemba

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu nilitaka kuiona mota kwa macho. Fundi wa simu wa Langoni alikuwa na simu iliyokufa, ya aina ile ile ya Ami, tukaifungua barazani. Mota yenyewe ni kisahani cha duara cha milimita 10 hivi, mfano wa betri ya saa. Ndani yake mna kipande cha chuma kilichoegemea upande mmoja wa mhimili, kwa hiyo kikizunguka hakitulii, kinayumba, na simu nzima inayumba nacho. Mota za namna hii huzunguka karibu mara 12,000 kwa dakika, yaani mara 200 kwa sekunde.

Taabu yake ni uzito. Chuma hakishiki kasi yake papo hapo, kinahitaji makumi ya milisekunde. Na ukikata umeme hakisimami, kinaendelea kidogo kwa nguvu zake, kama boti iliyozimwa injini ikikaribia gati. Simu za bei kubwa zina mota ya aina nyingine: uzito uliokalia springi, unaokwenda mbele na kurudi nyuma bila kuzunguka, na huo huanza upesi na kukoma upesi. Simu ya khalati yangu, dada wa mama, ina hiyo. Ya Ami haina. Nimeamua kupima kila kitu kwa simu ya Ami kwanza, maana wengi pale gatini wana simu kama yake.

Kuna jambo jingine nililoligundua leo. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, mwandishi wa programu anaweza kutaja nguvu ya mtetemo kwa nambari, kuanzia 1 hadi 255. Nikafurahi. Kisha nikaiuliza simu ya Ami kama mota yake inaweza kubadilisha nguvu, ikajibu haiwezi. Inajua kuwaka na kuzima tu. Basi lugha yote nitakayosema na kidole cha Ami ni ya muda: pigo refu, pigo fupi, na kimya katikati.

12 Novemba

Toleo la kwanza limekamilika: herufi, nafasi, kufuta, basi. Kidole kikigusa kitufe chochote, mota inatetema milisekunde 40. Ami aliandika jumbe tatu, akanirudishia simu. "Inavuma kama nyuki," alisema, "na nyuki haniambii nimegusa herufi gani."

Ana haki. Nilikuwa nakiambia kidole chake kwamba kimegusa, na hilo kilikuwa kinalijua. Tena ngozi ina tabia ya kuzoea: kitu kikijirudia bila kubadilika huacha kukijali, kama tusivyolihisi vazi mwilini baada ya kulivaa. Herufi ishirini zenye mtetemo ule ule ni sawa na herufi ishirini zisizo na mtetemo, ila betri inakwisha mapema.

15 Novemba

Nimesoma usiku mzima. Mwaka 2008 Eve Hoggan, Stephen Brewster na Jody Johnston wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walilipima jambo hili hili. Walilinganisha simu yenye vitufe vya kweli, simu ya kioo isiyotetema, na simu ya kioo inayotetema. Watu waliandika maabarani, kisha wakaandika ndani ya treni ya chini ya ardhi, inayotikisika. Kioo kilichotetema kilipunguza makosa, kikavikaribia vitufe vya kweli.

Lakini kilichonishika ni namna walivyoutumia mtetemo. Haukuwa mmoja. Kidole kikibonyeza kilisikia kitu kimoja, kikivuka ukingo wa kitufe kilisikia kingine, na herufi F na J, zile zenye vipele kwenye kibodi ya kompyuta, zilikuwa na mguso wao peke yao. Ukingo na kipele: ndilo lile lile aliloniambia Ami siku ya kwanza. Na treni yao ni boti yetu. Lazima niende kupima baharini.

19 Novemba

Leo nimeshughulika na ngozi. Vidole vya Ami vina sugu za kamba, za miaka tangu zama za matanga. Khalati anashona kofia za vito. Sindano na uzi vimekuwa vidoleni mwake tangu usichana wake. Niliwafunga macho kwa leso, mmoja baada ya mwingine, nikawapa simu mkononi nikiitetemesha kwa muda tofauti tofauti, wao waseme wakisikia.

Nilidhani sugu zitamzuia Ami. Hazikumzuia. Khalati aliyasikia mapigo mafupi zaidi, kweli, lakini Ami aliyapata yote kuanzia milisekunde 30, bila kusitasita. Vihisi vinavyopokea mtetemo wa kasi viko ndani ya ngozi, chini kabisa. Vimepewa jina la Filippo Pacini, Mwitalia aliyevieleza katika karne ya 19. Vinaamka vizuri zaidi kwa mtetemo wa karibu mara 250 kwa sekunde, na mota yetu ya 200 haiko mbali na hapo. Kamba imeziba juu, haikuziba chini. Nilipomweleza, Ami alivitazama vidole vyake kwa muda mrefu.

Jambo la pili ni kwamba mkono unaoshika simu unasikia kuliko kidole kinachoandika, kwa sababu kinachotetema ni simu nzima. Simu ikiwekwa mezani, mtetemo karibu wote humezwa na mbao. Khalati ana mazoea ya kuilaza simu juu ya meza ya cherehani akiandika kwa kidole kimoja, na hapo sina la kumfanyia. Kibodi hii ni ya mkononi.

24 Novemba

Hakuna stima tangu jana. Simu zimezima, nami sikufanya kitu.

2 Desemba

Leo nimelielewa tatizo, na sasa naona nilikuwa nalitafuta upande usio wake.

Nilimwomba Ami aniachie nisome jumbe zake za mwezi mzima, zile alizozikosea. Nilitarajia kuona herufi zilizovurugika ovyo. Nyingi zilikuwa hivyo, na hazina madhara: baharia akisoma "kujs" anajua ni "kuja", maana hakuna neno la Kiswahili linaloishia hivyo. Macho ya msomaji yanarekebisha yenyewe. Makosa yaliyoleta hasara ni mengine kabisa. "Tia" imekuwa "toa". "Shika" imekuwa "shuka". "Tumefika" imekuwa "tumefuka". "Mtu" imekuwa "mti". Kila moja ni neno kamili, limeandikwa sawasawa, na si lile alilotaka.

Tazama kibodi safu ya juu: u, i, o. Zimekaa bega kwa bega. Mpango huu wa herufi ulitokana na mashine ya taipu iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874, na walioupanga hawakuwa wakiwaza Kiswahili. Kwetu sisi irabu ndiyo inayobeba neno. Ukiteleza kutoka irabu moja hadi jirani yake, hukuharibu neno, umeingia neno jingine. Tia, toa, tua: ya kwanza unajaza, ya pili unapunguza, ya tatu unashusha tanga. Pia, poa, pua. Dua, dia, doa. Khalati aliwahi kumwandikia jirani aliyefiwa "nakuombea dia", yaani fidia ya damu, na mpaka leo akikumbuka anaona haya.

Ndiyo sababu kirekebishi cha maneno kilichomo ndani ya simu hakimsaidii Ami. Kirekebishi kina orodha ya maneno. Kikiona "toa" kinaridhika, kwa sababu "toa" imo. Na pale kinapoamua kusaidia kinaharibu zaidi, maana hakijui Kiamu. Ami akiandika "niko ndiani", yaani njiani, kinaigeuza "ndiani" kuwa kitu cha Bara Hindi. Amekizima zamani, na wengi hapa mjini wamekizima. Halafu fikiria "niko ndiani" kidole kikiteleza kwenye ile i ya kwanza: "niko ndoani". Mtu yuko njiani, mkewe anasoma kwamba yuko katika ndoa.

Orodha ya maneno haiwezi kulijua hili. Anayejua ni mwenye kidole peke yake, kwa hiyo habari lazima impate yeye, mkononi, kabla hajainua kidole.

Nilifikiri kuzihamisha herufi, kuitenga i mbali na wenzake. Khalati alikataa kabla sijamaliza sentensi: amechukua mwaka kuzizoea hapo zilipo. Ami naye hivyo hivyo. Zitabaki.

5 Desemba

Mpango mpya, na huu naupenda.

Herufi zote kimya. Isipokuwa i. Kidole kikitua juu ya i, mota inapiga mara mbili. I iko katikati ya u na o, kama 5 ilivyokuwa katikati ya kabambe, kwa hiyo kipele kimoja kinatosha watatu. Ukitaka i ukasikia kimya, umekosea. Ukitaka u au o ukasikia mapigo mawili, umekosea. Kutoka u hadi o kwa bahati mbaya ni mbali, ni nadra.

Herufi inaandikwa kidole kinapoinuka, si kinapotua. Ukiona umekosea hufuti kitu, unateleza tu pembeni, na ukivuka mpaka wa kitufe unasikia pigo moja fupi, kisha unainua. Kibodi nyingi huruhusu kuteleza hivi, ila bila mtetemo mtu hana sababu ya kuteleza, kwa sababu hajui kwamba amekosea.

Mapigo mawili yamenisumbua siku mbili. Niliweka 30, kimya 25, 30 tena. Ami alisikia pigo moja refu. Chuma hakikupata nafasi ya kutulia kabla ya kusukumwa tena. Kimya cha 40, bado. Kwa 70 alisema, "Sasa ni mawili." Jumla milisekunde 130. Kwa mtu anayeandika herufi moja kwa sekunde, kama yeye, ni muda wa kutosha.

6 Desemba

Ami ameandika "tia" mara kumi mfululizo akiwa amefumba macho, barazani, na watoto wamemzunguka. Mara mbili kidole kilitua pengine, mara zote mbili alikivuta kikarudi. Watoto walipiga makofi. Mimi nilikwenda ndani kidogo.

13 Desemba

Boti, Mokowe hadi Amu. Baharia ameshika usukani, Ami amekaa nami. Hilo nililiweka sharti tangu mwanzo: nahodha haandiki akiwa usukanini, hata kibodi iwe nzuri vipi.

Tulianza tezini, nyuma ya boti, karibu na injini, na kila kitu kikapotea. Injini ya dizeli inazunguka mara kama 30 kwa sekunde, mbali na 200 zetu, lakini mbao zilizolegea, mitungi na lile bati la kufunikia injini vinaitikia kila kimoja kwa sauti yake, na vyote vinaingia mkononi kupitia goti na kiwiko. Ami alibonyeza i, akatikisa kichwa. Akabonyeza tena. "Hakuna kitu, mwanangu."

Tukahamia omoni, mbele. Kipele kikarudi, si kama barazani, ila kimerudi. Tukagundua pia kwamba akiinua viwiko kutoka magotini, simu ikae hewani mikononi mwake tu, anasikia vizuri hata katikati ya boti. Hili halikuhitaji programu, lakini sasa nitalieleza kwa kila nitakayempa kibodi.

Kuna na kava. Ami ameivika simu mpira mnene ili isivunjike ikianguka, na mpira huo hula mtetemo. Tuliuvua, tofauti ikawa kubwa. Ameurudisha hapo hapo, kwa sababu simu ikianguka boti si mahali pa kusema samahani. Kwa hiyo ni mimi nitakayebadilika.

20 Desemba

Nimebadilika hivi. Simu ina kihisi cha mwendo, kile kinachojua simu imelazwa au imesimamishwa. Kibodi ikifunguliwa inakisikiliza. Kikionyesha mtikisiko usiokoma kwa sekunde 3, mapigo yanarefuka kutoka 30 hadi 60, na kimya kinafika 90. Mtikisiko ukikoma yanarudi. Kinasikilizwa kibodi ikiwa wazi tu, ili betri isiteketee.

Jana tumekwenda tena. Tezini bado anakosa mara nyingine, lakini "mara nyingine" si "kila mara". Upepo wa kaskazi umeshashika, bahari imechafuka mkondoni, na matone ya chumvi juu ya kioo yanaidanganya skrini ikadhani imeguswa na vidole viwili. Kwa hilo mtetemo hausaidii kitu. Ami anafuta kwa ncha ya kikoi kisha anaandika.

3 Januari

Simu ya saa moja usiku: "Kibodi imekufa." Nilikimbia hadi kwake, Mkomani, kompyuta kwapani. Msimbo mzima. Mota nzima. Nikakaa nusu saa nikitafuta kosa langu, mpaka mwanawe mdogo akasema kwamba aliiweka simu ya babake katika hali ya kuokoa betri. Kwenye simu hii hali hiyo huzima mtetemo wote, bila kumwambia mtu.

Nimeumia, kwa sababu Ami alikuwa ameshaanza kukiamini kimya. Kimya kwake kina maana: hii si i. Mtetemo ukizimwa kichinichini, kimya kinamdanganya. Usiku huo huo nimeongeza kitu: mtetemo ukizimwa kwa njia yoyote, safu ya juu ya kibodi inageuka rangi ya machungwa. Si nzuri kutazama. Imekusudiwa ionekane.

11 Januari

Nimempa khalati. Nilidhani kwake itakuwa rahisi, sikupata. Mota yake kali ya springi iliyatoa yale mapigo ya 30 kama mtu anayegonga mlango, na yeye huandika kwa vidole gumba viwili, upesi. Anayeandika maneno 40 kwa dakika anamaliza herufi moja kwa milisekunde 300 hivi. Mapigo mawili yenye kimya chake yanakula karibu nusu ya muda huo, na la pili lilikuwa linamfikia akiwa ameshaondoka. Akaisikia i pale alipokuwa kwenye k. Kwake nimebakisha pigo moja la milisekunde 12. Analisikia. Vidole vya kofia.

Lakini amekuja na kesi mpya, na ni kubwa: n na m. Nazo ni majirani, safu ya chini. "Nitakuja" ikawa "mitakuja", hilo linasomeka. Ila alimwandikia mteja wa kofia "nitumie mamba yako", na mteja akampigia kuuliza mamba gani.

Ami, aliyekuwa amekaa pembeni, alitoa hukumu pale pale: "Wekea n kipele nayo." Nimemkatalia, na hatujapatana. Kabambe ilikuwa na kipele kimoja kwa vitufe tisa, na ndiyo maana kilisema kitu. Nikiweka cha pili chenye mguso ule ule, kidole kitauliza ni kipi kati ya viwili. Nikiweka chenye mguso tofauti, mota ya Ami haina tofauti ya kutosha kutoa. Yeye anasema i iko juu na n iko chini, hakuna atakayezichanganya. Huenda. Kesho nitaijaribu njia yangu kwanza: milimita moja ya kioo kitupu kati ya n na m, na pigo la mpaka kwa atakayeivuka. Ami amesema atanipa wiki moja.